Uwanja mzuri, swali halikuulizwa

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye darasa letu la vijana. Waliokosa nafasi waliomba maandishi, nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Nilipoambiwa nichague mfano mmoja wa fedha za umma na mahakama, najua wengi mlidhani nitaleta kesi ya madini au ya bandari. Nimeleta uwanja wa besiboli. Chekeni mmalize, halafu nianze.

Uwanja wenyewe unaitwa Oriole Park at Camden Yards. Upo katikati ya mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani. Timu inaitwa Orioles, jina la ndege mmoja wa rangi ya chungwa na nyeusi. Besiboli kwa asiyeijua ni ndugu wa kriketi: mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla hawajamtoa. Akiupiga mpira ukavuka uzio wa mbali, anazunguka taratibu, hakuna wa kumkimbiza, na uwanja mzima umesimama. Kwa leo hiyo inatosha.

Kwa nini uwanja huu na si mwingine? Kwa sababu huu ndio uliobadilisha fasheni. Kabla yake Wamarekani walikuwa wanajenga madude ya zege, ya duara, pembezoni mwa mji, yamezungukwa na maegesho ya magari kama kisiwa. Camden Yards ulipofunguliwa 6 Aprili 1992, kila mji ukautaka wa namna ile: matofali, chuma, karibu na treni, mji unauona ukiwa umekaa kwenye kiti. Cleveland 1994, Denver 1995, San Francisco 2000, Pittsburgh 2001, San Diego 2004. Wote ni watoto wa Baltimore. Ukisoma wanavyousifu utadhani ulishuka toka mbinguni.

Haukushuka. Ulianza na hofu.

Baltimore ilikuwa na timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa helmeti, iliyoitwa Colts. Mwenye timu, Robert Irsay, alikuwa anavutana na serikali kuhusu uwanja. Machi 1984 Bunge la jimbo likaanza kupitisha sheria ya kuiruhusu Baltimore kuitwaa timu kwa manufaa ya umma, kama serikali inavyotwaa shamba la mtu ipitishe barabara. Hebu fikirieni, kutwaa timu! Irsay hakusubiri. Usiku wa kuamkia 29 Machi 1984 malori ya kuhamisha mizigo yalifika, yakapakia kila kitu, na kulipokucha Colts walikuwa njiani kwenda Indianapolis. Gavana alisaini sheria siku hiyohiyo, malori yameshaondoka. Mji ukaenda mahakamani, na mwaka 1985 mahakama ya shirikisho ikasema huwezi kutwaa kitu ambacho kimeshatoka nje ya mipaka yako.

Kwa sisi wa sheria hapo pana utamu wake (hivi timu ya mpira ipo wapi kisheria? Kwenye jezi? Kwenye mikataba? Kwa mwenye nayo anakolala?) lakini sitaki niwapoteze. Shikeni hili tu: Meya wa Baltimore siku ile aliitwa William Donald Schaefer, na aliumia sana. Alipochaguliwa kuwa Gavana wa Maryland, akaanza kazi Januari 1987, alikuwa na jambo moja kichwani. Orioles hawaondoki.

Na Orioles walikuwa wanaweza kuondoka. Uwanja wao wa zamani, Memorial Stadium, ulikuwa kwenye mitaa ya makazi, na mwenye timu wa wakati huo alikuwa mwanasheria mkubwa wa Washington, Edward Bennett Williams. Hakuhitaji kutamka sana. Malori yalishasema kwa niaba yake. (Na tusiwaonee huruma Baltimore kupita kiasi. Orioles wenyewe walikuja mwaka 1954 kutoka St. Louis. Kila mji una timu ya mtu.)

Sasa tuje kwenye kesi, maana ndiyo iliyonileta hapa mbele.

Mwaka 1987, miezi michache tu baada ya Schaefer kuapishwa, Bunge la Maryland likapitisha sheria za uwanja. Zilitaja eneo, Camden Yards, zikatoa mamlaka ya kutwaa ardhi, zikaruhusu hatifungani, na sehemu ya fedha ikapangwa kutoka kwenye bahati nasibu ya jimbo. Yale makaratasi ya kukwangua. Yaani mtu anakwangua kwenye duka la mtaani kwake, na chenji yake inakuwa jukwaa.

Katiba ya Maryland ina Ibara ya 16. Ipo tangu mwaka 1915. Inasema wananchi wakikusanya saini za kutosha, asilimia tatu ya hesabu ya wapiga kura, wanaweza kuisimamisha sheria iliyopitishwa na Bunge mpaka ipigiwe kura ya maoni. Si zawadi ya rais, si hisani ya spika. Ni haki imeandikwa. Sisi hapa tuliahidiwa kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na mnajua imefikia wapi. Kwa hiyo mimi nikisoma Ibara ya 16 ya wenzetu nasoma kwa wivu kidogo.

Wananchi wakajipanga. Wakaunda kikundi, wakakiita Marylanders for Sports Sanity, yaani watu wa Maryland wanaotaka akili itumike kwenye michezo. Jina zuri kabisa. Hawakusema hatutaki besiboli. Walisema sheria hii ipelekwe kwetu tuipigie kura. Wakazunguka na fomu, wakakusanya saini, wakapeleka.

Serikali ikakataa. Jambo likaenda kortini na kupanda mpaka Court of Appeals ya Maryland, ambayo licha ya jina lake ndiyo ilikuwa mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Kesi inaitwa Kelly dhidi ya Marylanders for Sports Sanity, hukumu ya mwaka 1987. Kelly ni Katibu wa jimbo, upande wa serikali.

Hoja ilikuwa hii. Ibara hiyohiyo ya 16 ina msamaha. Inasema sheria ya kutenga fedha kwa ajili ya kuendesha serikali ya jimbo haipelekwi kwenye kura ya maoni. Ukifikiri, msamaha una akili. Kama kila bajeti ingeweza kusimamishwa kwa saini, kesho walimu hawalipwi, hospitali zinafungwa, serikali imelala. Walioandika walikuwa wanailinda serikali isife njaa.

Lakini je, kujenga uwanja wa besiboli ni kuendesha serikali?

Mahakama ikasema ndiyo. Ikaziangalia zile sheria kama kifurushi kimoja, hii inategemea ile, na kwa kuwa kifurushi kinatenga fedha kwa kazi ambayo jimbo limeamua kuibeba, basi msamaha unakifunika chote. Hakuna kura. Saini zikabaki makaratasi.

Nimeisoma hukumu ile zaidi ya mara moja, na niseme kwa haki, si hukumu ya kijinga. Majaji wale walikuwa na hukumu za nyuma za kuegemea, na maandishi ya Katiba yenyewe yanawapa nafasi. Ubaya ni pale inapokuacha. Maana Bunge likishajua hilo, dawa ya kukwepa wananchi inakuwa nyepesi mno: unachukua jambo lako lenye utata, unalifunga kamba moja na kifungu cha fedha, na saini hazifiki. Msamaha uliowekwa ili mwalimu alipwe mshahara unamkinga mtu mwenye timu. Nyinyi mnaosoma miswada yetu ya fedha kila mwaka, mkitafuta kitu cha ajabu kimefichwa kifungu cha mia na ngapi huko, nadhani mnanielewa bila mimi kuchora ubaoni.

Basi uwanja ukajengwa. Na hapa lazima niwe mkweli: ni uwanja mzuri jamani.

Mchoro wa kwanza wa wasanifu, kampuni ya HOK, ulikuwa wa kawaida, na viongozi wa timu waliukataa. Rais wa timu Larry Lucchino na msanifu aliyeajiriwa na timu, mwanamke aitwaye Janet Marie Smith, walisisitiza uwanja wa kizamani: nguzo na matao ya chuma badala ya zege, matofali, uzio usiolingana pande zote. Na kulikuwa na ghala. Ghala la reli la kampuni ya B&O, lilijengwa kati ya 1899 na 1905, la matofali, refu zaidi ya mita 300 na jembamba kama treni iliyosimama. Wengine walitaka libomolewe. Likaachwa, likawa ukuta wa nyuma wa upande wa kulia, na leo ndilo sura ya uwanja. Kati ya ghala na majukwaa kuna mtaa, Eutaw Street, siku ya mechi unafungwa watu wanatembea, wanakula nyama choma. Mpira ukivuka uzio ukaangukia pale, wanapachika kibao kidogo cha shaba chini palepale ulipoangukia. Ghala lenyewe halijawahi kupigwa na mpira kwenye mechi rasmi. Ken Griffey Jr. alilipiga mwaka 1993, lakini yalikuwa mashindano ya kupiga tu, si mechi. Naye akapachikiwa kibao.

Uwanja umechimbwa chini ya usawa wa barabara, kwa hiyo unaingia toka mtaani na nusu ya majukwaa yapo chini yako. Kwa nje haukutishi, haujasimama juu ya mji kama ngome. Treni za abiria zinasimama Camden Station, hatua chache. Babe Ruth, mchezaji maarufu kuliko wote katika historia ya mchezo ule, alizaliwa mitaa ya jirani mwaka 1895, na baa ya baba yake ilikuwa ndani ya eneo ambalo sasa ni uwanja.

Gharama ya uwanja wenyewe ni kama dola milioni 110, lakini ukiongeza ardhi na kuisafisha inafika milioni 200 na zaidi. Na ardhi haikuwa tupu, haijawahi kuwa tupu. Pale kulikuwa na kiwanda cha soseji cha Parks. Mnakijua? Henry Parks alikianzisha mwaka 1951, na mwaka 1969 ikawa kampuni ya kwanza ya Wamarekani weusi kuuza hisa zake kwa umma. Mradi wa uwanja ukawahamisha. Wakajengewa pengine kiwanda kikubwa zaidi na chenye gharama zaidi, na mwaka 1996 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao. Sisemi uwanja peke yake uliwaua, biashara ina mambo mengi. Ila ukitembea Eutaw Street kuna vibao vingi vya shaba vya mipira iliyodondoka.

Kuna kingine ambacho kilinichekesha mpaka nikamsimulia mama. Moja ya sifa za uwanja ilikuwa mandhari: umekaa nyuma ya mpigaji, unaona majengo ya katikati ya mji na ule mnara wa saa wa Bromo Seltzer. Fedha ya umma ilinunua mandhari hayo. Halafu mji wenyewe ukachukua hatifungani za dola milioni 301 kujenga hoteli ya Hilton, mali ya mji, ikafunguliwa 2008. Ipo wapi? Mbele ya mandhari. Fedha ya umma ikaziba ilichonunua fedha ya umma.

Je, ulilipa? Wanauchumi wawili, Roger Noll na Andrew Zimbalist, walihariri kitabu kilichotolewa na Brookings mwaka 1997 kuhusu viwanja na ajira. Baltimore ndiyo ilikuwa mfano bora kuliko yote, kwa sababu karibu theluthi ya watazamaji walitoka nje ya eneo la Baltimore, yaani walileta fedha mpya mjini. Pamoja na hayo, faida halisi kwa uchumi wa mji, ajira na kodi, walikuta ni kama dola milioni 3 kwa mwaka. Milioni 3 kwa uwekezaji wa milioni 200. Na huo ndio mfano bora, makamanda. Hiyo mingine msiulize.

Kuna atakayesema, dada, kura ya maoni ingeua kila kitu, wananchi hawaelewi miradi mikubwa. Hoja hiyo tunaisikia hadi huku. Basi twendeni San Francisco.

Timu ya Giants nayo ilitaka uwanja. Mwaka 1987 wapiga kura wa San Francisco waliulizwa, wakasema hapana. Mwaka 1989 wakaulizwa tena, wiki chache tu baada ya tetemeko la ardhi, wakasema hapana kwa kura chache. Mwaka 1992 timu nusura iende Florida, ikapata wanunuzi wa hapohapo mjini ikabaki. Mwaka 1996 mpango ukarudi umegeuzwa: uwanja ujengwe kwa fedha binafsi. Wananchi hao hao, wale wasioelewa, karibu theluthi mbili wakasema ndiyo. Ulifunguliwa mwaka 2000, ukingoni mwa ghuba, nao wa matofali, nao umezaliwa kwa mfano wa Camden Yards, na mpira ukipigwa sana unaangukia majini watu wanaufuata kwa mitumbwi. Uligharimu dola milioni 357, sehemu kubwa kabisa fedha ya timu na wafadhili wake. "Hapana" ya wananchi ilifanya kazi ambayo hakuna mjumbe wa kamati angeifanya. Ilishusha bei.

Maryland hawakupata hiyo nafasi. Pengine wangesema ndiyo toka mwanzo, waliipenda timu yao na malori walikuwa bado wanayaota. Hatutajua, na mimi hilo ndilo linalonikera kuliko zile milioni.

Nisingependa niache mwaka 2015 bila kuugusa. Aprili 19 kijana wa miaka 25, Freddie Gray, alifariki kwa majeraha aliyoyapata akiwa mikononi mwa polisi wa Baltimore. Jumamosi ya tarehe 25 waandamanaji waliandamana mpaka Camden Yards, na ndani watazamaji wakatangaziwa wasitoke kwanza. Jumatatu mji ukawaka. Mechi mbili zikaahirishwa, na tarehe 29 Orioles wakacheza na White Sox ya Chicago bila mtazamaji hata mmoja, jambo ambalo ligi ile haikuwahi kuliona katika historia yake. Mahudhurio yaliandikwa sifuri. Chris Davis akauvusha mpira uzio mapema kabisa, na unasikika ukitua, maana hakuna wa kushangilia. Orioles walishinda 8 kwa 2. Wachache walisimama nje wakichungulia kwenye nondo za geti. Itafuteni video mtandaoni. Viti vya kijani, safu kwa safu, na nje ya ukuta walinzi wa taifa wenye bunduki.

John Angelos, mtoto wa mwenye timu na mmoja wa viongozi wake, aliandika mtandaoni siku zile kwamba tatizo lake si usiku mmoja wa vioo kuvunjwa, ni miaka mingi ya kazi kuondolewa kwa watu wa kawaida wa Marekani. Alisema kweli. Alikuwa anaisema toka ndani ya uwanja uliojengwa kwa karatasi za kukwangua.

Sasa mwisho wa habari, maana haijaisha. Mkataba wa kwanza wa upangaji ulikuwa unaelekea ukingoni, na yale maneno ya timu kuondoka yakarudi. Mwaka 2022 Bunge la Maryland likaruhusu hatifungani za hadi dola bilioni 1.2 kwa ajili ya viwanja viwili vilivyopo pale, kama milioni 600 kila kimoja, kwa sharti timu zisaini mikataba mirefu. Desemba 2023 Orioles wakasaini wa miaka 30. Wiki chache baadaye ikatangazwa kwamba timu inauzwa, kwa thamani ya dola bilioni 1.725. Na ndani ya mkataba kuna mlango: timu ikikosa kibali cha kuiendeleza ardhi inayozunguka uwanja, inaweza kuuvunja baada ya miaka 15.

Wiki ijayo tutaisoma hukumu ya Kelly pamoja, kifungu kwa kifungu. Nakala ninayo kwenye simu, asiye nayo aniandikie. Njooni pia na mswada wowote wa fedha wa hapa nyumbani, na mtafute kifungu kimoja ambacho mnadhani hakikupaswa kuwemo.